Senti ya Tundu na Shilingi ya Simba

Katika kijisanduku alichoniachia bibi yangu mzaa mama, miongoni mwa vifungo vya nguo, kipini kilichopindika na ufunguo wa mlango usiokuwapo tena, mna senti kumi na saba za shaba zenye tundu katikati, zimetungwa katika uzi wa katani kama tasbihi. Na kila nizimiminapo kiganjani husikia mlio mkavu wa sokoni, mlio wa fedha iliyohesabiwa kwa vidole, moja baada ya moja, na mtu aliyejua vema kila moja imetoka katika jasho gani. Nyingi zina tarehe za mwaka 1951 na 1952. Nimekuwa nikizitazama sana siku hizi, kwa sababu nimechoka kusikia, barazani na misibani na hata magazetini, kauli ile ile kwamba zama hizo vitu vilikuwa rakhisi na watu walishiba kwa senti tano. Kauli ambayo husemwa kwa huba, lakini ambayo, nikiipima kwa uzito wa uzi huu, naona imewadhulumu wale wale waliozitunga senti zenyewe.

Fedha hiyo ilitolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, yenye makao yake London, ambayo mapema katika miaka ya 1920 iliiondoa rupia katika Kenya, Uganda na Tanganyika na kuweka shilingi mahali pake. Unguja na Pemba zilisubiri hata tarehe 1 Januari 1936 ndipo nazo zikaingia. Shilingi ishirini zilifanya pauni moja ya Kiingereza, bila ya kupungua wala kuzidi, na kila shilingi iligawanywa senti mia. Senti moja, senti tano na senti kumi zilitobolewa katikati, na pembe mbili za ndovu zilizopinda zikaizunguka tarakimu. Ilhali nusu shilingi na shilingi nzima hazikuwa na tundu, bali upande mmoja zilichukua uso wa Mfalme George wa Sita, na upande wa pili simba amesimama mbele ya milima. Mwenye macho makali aliweza kuzisoma habari za dunia katika ukingo wa sarafu, kwani baada ya Bara Hindi kujitawala mwaka 1947 maneno ya Kilatini yaliyomtaja mfalme kuwa Kaisari wa Hindi yaliondolewa. Na tangu mwaka 1948 shilingi, ambayo kabla ya hapo robo yake ilikuwa fedha halisi, ikawa ya shaba na nikeli tupu.

Lakini watu hawakuziita sarafu hizo kwa majina waliyopewa na Bodi. Nusu shilingi iliitwa thumni, neno la Kiarabu lenye maana ya sehemu moja ya nane, na mtoto angeweza kustaajabu vipi nusu ikaitwa thumni, asijue kwamba katika hesabu za kale riale moja ilikuwa kama rupia mbili, na rupia ilipofanywa sawa na shilingi mbili, sehemu ya nane ya riale ikaangukia senti hamsini. Rupia yenyewe, ingawa ilikwisha kufa, iliendelea kutajwa bara kwa maana ya shilingi mbili. Kenya senti tano ilikuwa ndururu, na senti kumi ilikuwa peni. Tanganyika ilibakiwa na hela ya Mjerumani, sarafu ndogo iliyoanza mwaka 1904 na kutoweka pamoja na utawala wake, jina likasalia na kutanuka hata leo ndilo jina la fedha zote. Basi mtu aliyesimama mbele ya duka mwaka 1952 alikuwa akizitamka, pasipo kukusudia, dola nne zilizopishana juu ya pwani hii.

Na duka lile lafaa tusimame mbele yake kwa muda. Lilikuwa aghalabu la Mhindi au la Mmanga, limejengwa pembeni mwa mtaa, milango yake ya mbao ikifunguliwa kwa kukunjwa. Ndani mna magunia ya mchele na unga yaliyokunjuliwa midomo, bati la mafuta ya taa, pakacha la vitunguu, sabuni ya miche, na papa mkavu ambaye harufu yake ilikuwa tangazo tosha. Vipimo vilikuwa pishi na kibaba kwa nafaka, vibaba vinne kwa kila pishi. Ratli kwa sukari na nyama. Frasila, yaani ratli thelathini na tano, kwa karafuu na mbata. Yadi kwa nguo, na doti kwa kanga. Hata debe, lile bati la galoni nne lililoletea mafuta ya taa, likisha kuwa tupu lilikuwa kipimo cha maji na cha mahindi, na likisha kuzeeka lilinyooshwa kwa nyundo likawa ukuta au paa la kibanda cha maskini.

Hapa pana jambo ambalo wasemao habari za urakhisi hulisahau. Mnunuzi wa kawaida hakuagiza ratli ya sukari wala pishi ya mchele. Aliagiza sukari ya senti kumi, chumvi ya senti tano, mafuta ya taa ya senti kumi, na mchuruzi akakunja kipande cha gazeti kuukuu kama pembe, akatia humo kijiko kimoja au viwili. Kwa njia hii bei yaweza kukaa miaka bila ya kubadilika ulimini mwa watu, ilhali kilichomo ndani ya karatasi kinapungua. Senti kumi ni ile ile, bali sukari yake si ile. Mzee anayekumbuka leo kwamba alinunua chai kwa senti kumi asema kweli. Asichokumbuka ni kina cha kijiko. Na palipokosekana hata hiyo senti kumi, palikuwapo daftari. Tanganyika ilikuwa na sheria ya tangu baina ya vita vikuu viwili iliyozuia mfanyabiashara kumshitaki Mwafrika kwa deni la dukani lisiloidhinishwa na serikali. Nia iliyotajwa ni kumlinda mnyonge asinaswe na wakopeshaji, na matokeo yake ni kwamba mkopo wa dukani ulisimama juu ya uaminifu peke yake, juu ya kujuana kwa majina na kwa mlango. Mama wa nyumba aliyeheshimika mtaani alikuwa na mali isiyoonekana, na aliilinda kuliko shaba iliyokuwa katika upindo wa kanga yake.

Walioishi wakati ule hawakuona kwamba vitu ni rakhisi, na ushahidi wao waliutoa hadharani. Mwezi wa Januari mwaka 1947 Mombasa ilisimama kwa mgomo wa wafanyakazi wapatao 15,000. Septemba ya mwaka huo huo makuli wa bandari ya Dar es Salaam waliweka chini magunia, na mgomo ukapanda reli kwenda bara kituo kwa kituo. Unguja ikafuata mwaka 1948. Februari mwaka 1950 bandari ya Dar es Salaam iligoma tena, safari hii kwa fujo na majeraha, na chama cha makuli kikavunjwa. Kila mahali malalamiko yalifanana, kwamba vita vimekwisha, bei za nguo na chakula zimepanda, na ujira umeachwa nyuma.

Nilitafuta kipimo cha kulinganisha, nikakipata katika sheria iliyokuja baadaye kidogo. Mwaka 1957 ndipo serikali ilipoweka kima cha chini cha mshahara Dar es Salaam, nacho kilikuwa senti 42 kwa saa, yapata shilingi 82 kwa mwezi. Tazama hesabu hiyo vizuri. Saa nzima ya kubeba, kuchimba au kufagia, na hiyo ni baada ya miaka kumi ya migomo na madai, haikufika thumni moja. Katika miaka ya mwanzo ya 1950, ambapo hapakuwa na sheria yoyote ya kima cha chini mjini humo, kibarua alilipwa kadiri ya bahati yake na ya moyo wa mwajiri. Kwa hiyo asemaye kwamba kitu fulani kilikuwa senti hamsini tu, na aseme pia kwamba kilikuwa zaidi ya saa moja ya mgongo wa mtu.

Fedha, hata hivyo, haikuwa haba kwa kila mtu. Mwaka 1949 pauni ilishushwa thamani kutoka dola 4.03 za Marekani hadi 2.80, na shilingi yetu, kwa kuwa ilikuwa imefungwa mguuni pa pauni, ilishuka pamoja nayo hata ikawa sawa na senti 14 za Kimarekani. Bidhaa zilizotoka nchi za dola zikawa ghali, bali mazao yetu yakawa mepesi kuuzika. Mwezi wa Juni mwaka uliofuata vita vya Korea vilizuka, mataifa yakaanza kuweka akiba ya kamba, na mkonge wa Tanga na Morogoro ukapanda bei kwa ghafla. Wenye mashamba walineemeka, lakini manamba walioukata waliona sehemu ndogo mno ya neema hiyo kabla bei haijaporomoka. Karafuu za Unguja na Pemba nazo zilipata miaka ya heri, kwani huko Indonesia moshi wa sigara zao hauna ladha pasipo karafuu. Kwa upande mwingine, mradi mkubwa wa karanga wa Kongwa na Nachingwea, ambao ulikusudiwa kuipatia Uingereza mafuta ya kupikia, uliachwa mwaka 1951 baada ya kumeza pauni milioni thelathini na kitu, na vijana wengi waliokuwa wamezoea mshahara wa matrekta wakashika njia ya Dar es Salaam.

Mji ulikuwa ukifura. Hesabu ya watu ya mwaka 1948 ilikuta watu 69,277 Dar es Salaam. Ile ya mwaka 1957 ikakuta 128,742. Wengi wao waliingia katika nyumba za Kariakoo na Ilala, nyumba za Kiswahili zenye ukumbi katikati na vyumba vitatu kila upande, na uani jiko, choo na kamba ya kuanikia. Mwenye nyumba, ambaye mara nyingi alikuwa mwanamke wa makamo aliyejenga kwa akiba yake, hukaa chumba kimoja na kupangisha vilivyobaki. Katika ua mmoja mlikaa Mzaramo, Mmanyema, Mnyamwezi na Mngazija, wakishirikiana maji, moto na masikio. Nasema masikio kwa makusudi, maana hapa ndipo sanaa ya zama hizo ilipozaliwa. Mtu mmoja akiwa na gramafoni, nyumba nzima ina gramafoni, na jirani pia.

Santuri zilizopigwa zaidi katika nyua hizo zilikuwa za Kuba, zile za alama ya GV, zenye maneno ya Kihispania ambayo hakuna aliyeyajua maana na ambayo kila kijana aliweza kuyaimba. Kutoka katika santuri hizo dansi la Tanganyika lilijifunza kutembea. Dar es Salaam Jazz ilikwisha kuwapo tangu mwaka 1932. Na huko Morogoro kijana Salum Abdallah alianzisha mwaka 1948 bendi ambayo baadaye ilivaa jina la Cuban Marimba, akaichukua ile rumba ya ng'ambo na kuitia Kiswahili chenye mafumbo, hata mtu akicheza hujikuta anawaza. Wakubwa wa wakati ule walilinung'unikia dansi kwamba ni uzungu mtupu, viatu na tai na kushikana mikono. Nami nadhani hawakusikiliza maneno yake.

Taarabu ilikuwa na nasaba ndefu zaidi. Ikhwani Safaa ya Unguja, iliyoundwa mwaka 1905, ilikuwa sasa chama cha wazee wenye heshima, na Dar es Salaam vyama vya Egyptian na Al-Watan vilishindana kwa fidla, udi na ganuni, na kwa umaridadi wa nguo. Lakini miaka hiyo ilianza kwa msiba, kwani tarehe 8 Julai 1950 alifariki Siti binti Saad, mwanamke aliyezaliwa Fumba katika ufukara, akauza vyungu, kisha akaimba Kiswahili mbele ya masultani waliokuwa wamezoea Kiarabu, na ambaye safari yake ya Bombay mwaka 1928 ilitia sauti yake katika santuri, miongoni mwa za mwanzo kabisa za lugha yetu. Shaaban Robert alikuwa amekutana naye katika siku zake za mwisho na kuyasikia maisha yake kutoka kinywani mwake, na kutokana na mazungumzo hayo akaandika wasifu wake, uliotoka kitabu mwaka 1958. Ni neema kubwa kwamba mkutano ule ulipatikana. Mwandishi yule katika miaka hiyo hiyo alitoa Kusadikika, mwaka 1951, na Adili na Nduguze, mwaka 1952, vitabu vyembamba vilivyopita mkono hata mkono mpaka majalada yakatoka. Na habari ya nchi ya angani ambamo watu huadhibiwa kwa kutaka sheria njema haikuhitaji kufasiriwa kwa msomaji wa Tanga.

Kisha ilikuwako senema. Unguja ilikuwa nayo tangu zamani, na wazee wa Darajani hawajaisahau Cine ya Bati. Mwaka 1951 ilifunguliwa Sultana, na watu wa mji mdogo kama ule wakawa na uchaguzi ambao miji mikubwa kuliko ule haikuwa nao. Filamu za Kimarekani zilikuwa na wapenzi wake, na za Misri pia. Lakini zilizoshika nyoyo ni za Kihindi, na hakuna iliyoshika kama Awara ya Raj Kapoor na Nargis, iliyotoka Bombay mwaka 1951: mtoto wa hakimu aliyekataliwa na babake, akalelewa na mwizi, akasimama kizimbani kuuliza kama damu ndiyo humfanya mtu awe mwema au ni malezi. Watu wa pwani, ambao kwao nasaba ilikuwa jambo la kila siku, hawakuiona hadithi hiyo kuwa ya ugenini. Palikuwako maonyesho ya wanawake peke yao, na mabuibui yalimiminika vichochoroni, mama, binti na jirani, wakaingia na leso za kufutia machozi. Wiki moja baadaye nyimbo zile zile zilikuwa zikisikika harusini, lahani ni ya Bombay na maneno ni ya Ng'ambo ya Unguja. Bibi yangu alipata kuniambia kwamba alijinyima masurufu ya kitoweo siku mbili ili aone Awara mara ya pili, na hakulisema hilo kwa majuto.

Tanganyika nayo ilianza kujiona yenyewe katika turubai. Rashidi Kawawa, kijana aliyefanya kazi ya ustawi wa jamii, aliigiza mhusika mkuu wa filamu ya Kiswahili iitwayo Muhogo Mchungu, habari za mtu wa shamba anayeingia mjini. Watazamaji walicheka kwa sababu kila mmoja alikuwa na mjomba wa namna ile, au alikuwa yeye mwenyewe mwaka uliotangulia. Miaka kumi baadaye mwigizaji huyo alikuwa Waziri Mkuu.

Redio ilifika kwa hatua ndogo. Mwaka 1951 Sauti ya Dar es Salaam ilianza kusikika, na Sauti ya Unguja mwaka huo huo, na kwa kuwa sanduku la redio lilikuwa ghali kupita uwezo wa mtu wa mshahara, lilisikilizwa katika kumbi za starehe, katika hoteli za chai na mbele ya maduka, halaiki imekaa chini kimya kana kwamba iko hutubani. Mwaka 1954 sauti ya Kiswahili ilianza kutoka Kairo, ikisema juu ya wakoloni maneno ambayo hapana mtangazaji wa hapa angethubutu kuyasema, na tangu hapo baadhi ya mahoteli yakawa na wateja wengi jioni kuliko asubuhi.

Mpira nao haukuwa mbali na duka. Kombe la Gossage, lililoshindaniwa na Kenya na Uganda tangu mwaka 1926, Tanganyika ikaingia mwaka 1945 na Unguja baadaye kidogo, lilitolewa na kampuni ya sabuni ya Uingereza iliyoitwa kwa jina la William Gossage, kwa hiyo jina lililokuwa katika mche wa kufulia ndilo lililoshangiliwa uwanjani. Kuanzia mwaka 1949 hadi 1951 Tanganyika ilitwaa kombe hilo mara tatu mfululizo, na Young Africans ya mwaka 1935 na Sunderland ya mwaka 1936, ndiyo Simba ya leo, zilikwisha kuigawa Kariakoo, ndugu na ndugu, kama zinavyoigawa hata leo.

Kuhusu kanga ningeweza kuandika makala nyingine nzima. Hazikufumwa hapa wakati ule. Zilikuja kwa meli kutoka India, Japani na Ulaya, lakini michoro na maneno yake yalitungwa na kuchaguliwa Mombasa, Unguja na Dar es Salaam, na mwenye duka aliyekosea msemo alibaki na marobota yake. Doti moja ilikatwa ikawa mbili: moja kiunoni, moja kichwani. Mume aliyetaka amani nyumbani wakati wa sikukuu alianza kuweka akiba ya doti miezi kadhaa mbele, na hapo ndipo senti za tundu zilipofanya kazi yake, kwani zilitungwa katika uzi, zikafungwa fundo, na uzi uliofungwa hautolewi senti moja kwa urahisi.

Usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari 1952 Mfalme George alifariki usingizini, na binti yake, aliyekuwa Treetops karibu na Nyeri akitazama wanyama, akawa Malkia akiwa yungali katika ardhi ya Afrika Mashariki. Senti na thumni za baadaye zilipigwa chapa kwa jina la Malkia Elizabeth, na noti zikachukua sura yake. Lakini shilingi ya chuma haikupigwa tena baada ya ile ya mwaka 1952. Shilingi ya simba ilibaki na uso wa mfalme aliyekufa, ikapita kutoka kwa kuli kwenda kwa mama ntilie, kutoka kwa mama ntilie kwenda kwa mchuruzi, ikawamo mifukoni mwa watu waliojaa Uwanja wa Taifa usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 kuiona bendera ya Uingereza ikiteremshwa, na ilikuwa ingali ikinunua mkate ilipotoka shilingi ya Tanzania mwezi wa Juni mwaka 1966. Bibi yangu alizipeleka benki zake za simba, akapewa mpya. Zile za tundu alizibakiza. Uzi wake umefungwa mafundo mawili, nami sijapata kuyafungua.